Papasi wa Musinzira

Musinzira, Gitega

Dada yangu mpendwa Paskazia,

Nakusalimu sana, wewe na shemeji Prosper na watoto. Natumaini mnaamka vizuri huko Muyinga, na mguu wa mama umepata nafuu. Sisi tupo. Longino anaendelea na useremala wake, na mimi sasa naweza kutoka nje asubuhi nikaota jua.

Najua umepiga simu mara nyingi, na kila mara Longino anakwambia nimelala. Usimkasirikie, mimi ndiye niliyemwomba. Kwa mdomo siwezi, ndiyo maana naandika.

Ile homa haikuwa malaria. Tangu tuhamie nyumba hii nilikuwa naamka na vidoa vyekundu mapajani, na shuka lina matone ya damu. Havikuuma. Jirani yetu Zaituni akasema ni kunguni, tukaanika godoro, tukasahau. Kisha homa ikanishika, nikatetemeka mpaka kitanda kikalia. Nikanywa dawa ya malaria. Baada ya siku chache ikaniacha kabisa, nikala, nikafua, hata sokoni nikaenda. Halafu ikarudi, kali kuliko ya kwanza.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alinitoa damu nikiwa bado nawaka, akauliza tunalala katika nyumba ya namna gani. Aliporudi na majibu akasema ni homa ya papasi. Nilimbishia. Nilimwambia papasi ni wa vile vibanda tulivyolala ukimbizini Tanzania tukiwa wadogo. Mimi nakaa mjini, nyumba ina umeme. Akanijibu kwa upole, "Mama, papasi hajui mji. Anataka ufa wa ukuta na mtu aliyelala." Akanipa vidonge, na kweli homa haijarudi tena.

Longino alibandua lipu karibu na kitanda. Walikuwa humo, rangi ya vumbi, wamejibana kwenye nyufa. Aliwamwagia maji ya moto, akapuliza dawa, akaziba kila mahali kwa saruji. Alikuwa analia huku akifanya kazi. Mimi nilikaa kwenye kiti nikimtazama kama mtu nisiyemjua, anayepita barabarani.

Dada, mtoto hayupo. Homa iliporudi ndipo uchungu uliponianza, na wakati wake ulikuwa bado. Alikuwa msichana. Hakulia. Muuguzi alisema homa hii huwafanyia hivyo wajawazito. Longino na mama yake walikwenda kumzika kwao Bugendana, mimi nikabaki kitandani. Maziwa yalikuja hata hivyo; nilijifunga kitenge kifuani mpaka yakakauka. Watu wanakuja kunipa pole, nawashukuru, nawapa chai. Mimi mwenyewe sijalia. Najua napaswa kulia, ila nikitafuta pa kuanzia sipaoni.

Njoo, tafadhali. Mama mwambie wewe, polepole. Nguo ulizomshonea mtoto ziache huko. Ukifika usiniulize kitu, nisuke nywele tu, zimekaa vibaya.

Na hili nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mtu. Longino aliniuliza tumwite nani, asizikwe bila jina. Nilikuwa nawaka homa, nikataja jina lililonijia. Anaitwa Paskazia.

Wape watoto salamu zangu, mmoja mmoja. Mungu awalinde nyote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Jeska