Tonton, Sambaza ya Kweli Iko Lubunga

Tonton Safari,

Kama huko uliko kuna kiti, kaa. Kama hakuna, shika kitu, juu hii habari inaweza kukuangusha: nimepata. Mimi Fiston, ule ule petit, mwanafunzi wako wa kazi, uliyesema hawezi kuona hata kofia iko ku kichwa yake, nimepata malewa, kibanda yenye inapika chakula ya kisiwa yenu, ya kweli kabisa. Siyo Bukavu, siyo Goma. Hapa hapa Kisangani. Shangazi Furaha, dada yako mukubwa, amekula sahani mbili na kulamba vidole mbele ya watu. Na jana nimepanda ku ngazi na kopo ya rangi. Ku bango ya atelie yetu ya kurekebisha baiskeli sasa wameandika: SAFARI NA FISTON, VELO ZA KILA NAMNA. "Wameandika" ni mimi. Herufi za Fiston ziko kubwa kidogo kupita zako. Usikasirike, rangi ilikuwa imebaki.

Bon, nianze mwanzo, juu ulikuwa unanikemeaka kwamba nafungua velo mbele ya kujua inaumwa wapi.

Unakumbuka saa sita ya mchana pale Mangobo. Mimi na lituma yangu, ndizi imetwangwa vizuri, samaki ya mutoni pembeni, na wewe unaiangalia kama chambre à air ya tairi yenye wamebandika mara kumi. "Petit, huku munakula vizuri, sikatai. Lakini kwetu Idjwi..." Basi! Kila mutu mu atelie alijua sasa tunasafiri. Tunaingia mu Ziwa Kivu, tunafika ku kisiwa, tunakula sambaza, vile visamaki vidogo kama kidole cha mutoto, na maharagwe yenye imepikwa pamoja na ndizi, na nanasi nyuma yake. Ulitupikia ile chakula na mudomo mpaka mimi, mwenye sijapita hata Yangambi, nilianza kusema chumvi imezidi.

Na ole wake mutu aseme ndagala. Ndagala inatoka Ziwa Tanganyika, inafanana na sambaza, mutu wa hapa hawezi kutofautisha. Lakini wewe! Ulisema ni ndugu ya mbali, wa kusalimia ku ndoa tu. Ulisema ndagala wanaianika ku mchanga, sambaza ya kwenu wanaianika juu ya nyavu. Donc jaribio yako ilikuwa moja: tafuna. Mchanga ikilia mu meno, simama, vaa kofia, enda.

Siku moja ukasema mbele ya wateja: "Huyu petit akiniletea sahani ya kwetu, ya kweli, hapa Kisangani, jina yake itapanda ku bango pembeni ya yangu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, lakini mu tumbo sikucheka. Miaka sita watu walikuwa wananiita "petit ya Safari." Nilirekebisha velo za commune muzima, na mutu akipita anasema: aah, hii mukono ya Safari. Nilitaka ile bango, Tonton. Niliitaka kama mutu anataka bibi wa kuoa.

Basi nikatafuta. Unajua mimi nilitoka masomo ku mwaka ya inne, lakini ile utafiti nilifanya, wale wa université wangenipa diplome bila kuniuliza karatasi. Kila velo ya kurudisha ku mwenyewe, nilipita njia ndefu juu ya kuangalia vibao. Kule Makiso kuna moja yenye nappe nyeupe ku meza, wameandika SPECIALITÉ YA ZIWA KIVU. Nikaingia na mikono ya mafuta. Garçon akaniangalia kama deni ya mwaka jana, akaniletea sahani imefunikwa. Nikafunua. Capitaine! Samaki ya mutoni yetu, jirani wa Wagenya wavuvi, amevaa jina ya mugeni. Nikamwambia: "Yaya, huyu namujua. Tumekomaa pamoja." Kule Tshopo, mama moja wa Maniema, mwenye anapika sombe ya majani ya muhogo yenye inaweza kufufua, nilimuuliza kama iko na sambaza. Akafuta mikono. "Nisambaze nini, mwanangu? Mukeka?" Nikakula sombe yake tu. Nilikula mara tatu, sisemi uongo, utafiti inachokesha.

Kila mara nilirudi mikono mitupu, na wewe ulifurahi, mubaya wewe. "Si nilikuambia? Kisangani hakuna."

Kisha ukagonjwa.

Hapa nataka niseme kitu, Tonton, na nitakisema haraka juu nikisimama sitaendelea. Ile sahani niliyokuletea ku opitali. Niliipata Kabondo, ku kibao wameandika SAMBAZA YA BUKAVU. Mbele ya kufika kwako nikaonja moja njiani. Mchanga. Nilisimama na velo katikati ya barabara, watu wanapiga kengele, wanatukana mama yangu. Nilikuwa nawezaka kurudi. Lakini munganga alikuwa ameshasema yale alisema, na wewe ulikuwa umebaki mifupa na macho. Nikaingia. Nikafungua sahani. Nikasema na mudomo yangu hii hii: "Tonton, nimepata. Ya kwenu. Ya kweli."

Ulitafuna polepole. Nilisikia, Tonton. Ile chumba ilikuwa kimya, nilisikia mchanga inalia mu meno yako. Ukameza. Ukachukua ingine. Ukakula yote, wewe mwenye ulikuwa unarudisha hata chai. Kisha ukasema: "Iko muzuri, petit. Sasa andika jina."

Na siku ile ile ukapigia Shangazi Furaha telefone, ukamwambia Fiston amepata.

Tangu uende, mengi imebadilika, na mengine hapana. Papa mwalimu mwenye velo bila frein bado anasimamisha na kiatu, sasa kiatu kimekwisha kupita velo. Vijana wote wanataka moto, ile pikipiki ya Chine, lakini petroli ikikosekana wanarudi kwetu na heshima kubwa. Nimepata petit yangu, anaitwa Jospin, anaweka ufunguo ya nati fasi yoyote kama mimi zamani, na ninamukemea na maneno yako, hata sauti yako nimechukua. Lakini bango ilibaki SAFARI peke yake. Watu waliniuliza: "Fiston, si Tonton alikupatia jina mbele ya kufa?" Nikajibu rangi hakuna. Rangi ilikuwepo. Nilikuwa naichukua kopo, napanda ngazi ya kwanza, nasikia ile mchanga, nashuka.

Alors Shangazi akapiga telefone. Anakuja kutosha kilio, ile siku familia inavua nguo nyeusi na kukula pamoja. Akasema: "Fiston, mwanangu, mbele ya kuingia mu nyumba ya ndugu yangu, nataka unipeleke kwa ule mama aliyemupikia chakula ya kwetu. Nataka nimushike mikono. Tukule kwake, njo tuvue nyeusi." Nikajibu: "Ndiyo Shangazi, ni mama muzuri sana." Mama gani! Nilikata simu, nikakaa juu ya tairi. Jospin akaniuliza kama ni malaria.

Wiki mbili, Tonton. Ama nipate, ama nimwambie mama muzima, mbele ya familia yote, kwamba ndugu yake alikufa na uongo yangu mu tumbo.

Nilipita kila fasi mara ya pili. Nilianza kuuliza wageni wa airport, masista, hata polisi wa roulage ku barabara. Hakuna. Zimebaki siku inne, wakaniita Lubunga, ngambo ya mutoni, mama moja mnyororo ya velo yake imekatika. Nikavuka na pirogi, nikiwa na roho ya mutu anaenda kulipa amende ya polisi. Karibu na gare ya treni. Ile fasi naijua, nimepita pale zaidi ya mara ishirini, na kila mara nilikuwa nageuza uso, juu iko na kibao kikubwa: NDAGALA IKO.

Nikarekebisha mnyororo. Mama mwenyewe anaitwa Nabintu, mufupi, sauti ya mutu anayeita mbuzi ku kilima. Akaniletea sahani. Mimi na kiburi yangu yote nikasema: "Asante Mama, lakini mimi ni mutu wa sambaza. Ndagala sikulake."

Akaweka mikono ku kiuno. "Sambaza gani, wewe mutoto wa Mangobo? Ulishaka ona ziwa?"

"Sijaona. Lakini nimekomaa ku mikono ya mutu wa Idjwi."

Akaniangalia toka kiatu mpaka nywele. "Idjwi ya upande gani?"

"Kusini."

"Kaa. Kula. Funga kinywa."

Nikakula. Nilitafuna polepole sana, nikingojea mchanga. Nikangojea. Nikatafuna kichwa, kichwa ikavunjika vizuri, bila uchungu. Maharagwe ilikuwa mu ndizi na ndizi mu maharagwe, hujui nani amepika nani. Tonton, nilisimama na kijiko mu mukono kama mukaguzi wa shule. "Mama, hii siyo ndagala!"

"Nani alikuambia ni ndagala?"

"Kibao yako!"

Alicheka mpaka akashika mlango. Akanielezea: zamani aliandika SAMBAZA. Watu wa hapa walikuwa wanaingia kumuuliza ni dawa ya ugonjwa gani. Wengine walifikiri ni kanisa. Sahani zinapoa. Akafuta, akaandika NDAGALA, jina yenye wanaijua, na tangu siku ile chungu inakuwa mutupu mbele ya saa saba. Unasikia? Mu muji muzima, wote wenye wameandika sambaza wanauza ndagala, na mutu mumoja tu mwenye iko na sambaza ameandika ndagala. Na mimi, professeur, nilikuwa nageuza uso! Miaka! Ungekuwa hai, ungeomba siku moja ya mapumziko juu ya kunicheka vizuri.

Sambaza zake anatumiwa na dada yake toka kisiwani, kavu, mu magunia. Anazikaanga kwanza bila mafuta, mpaka zinalia kama mvua inaanza ku manjanja ya paa. Kisha kitunguu, kisha ndimu. Nimeandika yote. Siwezi kupika, lakini sasa naweza kusumbua wapishi.

Shangazi alifika mu nguo nyeusi, na ile shingo yenu ndefu ya familia. Kuvuka mutoni alicheka: "Maji yenu iko na haraka ya nini? Ya kwetu inakaa." Lakini kufika mbele ya kibao, akasimama. Akasoma. Akanigeukia polepole. "Fiston. Unanileta ku ndagala?"

"Kaa, Shangazi. Kula." Sikuthubutu kuongeza "funga kinywa." Ninajipenda.

Alikula ya kwanza. Akafunga macho. Akakula ya pili na ya tatu, kisha akaita Mama Nabintu na luga yenu, na hawa wawili wakaanza kuongea kama maji ya Wagenya yenye inaanguka ku mawe, mimi nasikia tu jina yako inapita katikati. Wakashikana mikono. Shangazi akalia, akakula akilia, akaomba sahani ingine akilia. Familia yote ilikula. Jospin alikula mpaka akafungua mukaba.

Kisha akaniuliza: "Ni hii njo ndugu yangu alikula?"

Tonton, nilikuwa nawezaka kusema ndiyo. Ilikuwa neno moja, na sahani ilikuwa inanishuhudia. Nikasema: "Hapana, Shangazi. Ile niliyomupa ilikuwa ndagala. Nilijua, na nikamudanganya. Hii ina siku inne tu tangu niipate."

Jospin akaacha kutafuna.

Shangazi akafuta vidole, kimoja kimoja. "Najua," akasema. "Aliniambia ile siku ku telefone. Alisema: 'Dada, petit wangu ameniletea mchanga ya Uvira, ya Ziwa Tanganyika, nimekula yote mpaka chini. Usimwambie kitu. Ukimwomba akupeleke, huyu atageuza Kisangani juu chini mpaka apate.'"

Mubaya wewe! Hata ku kitanda ya kufa unanituma kazi! Nilicheka, Tonton, nilicheka pale mbele ya watu wenye nyeusi, na machozi ikatoka yenyewe bila kuniomba ruhusa, na Shangazi akanipiga mugongo kama mutu anatosha mfupa mu koo. Akasema: "Sasa enda ukaandike ile jina." Wakavua nyeusi pale pale Lubunga, pembeni ya gare, na Mama Nabintu akapiga vigelegele mpaka wenye kungojea treni wakafikiri imefika.

Donc hakuna deni kati yetu. Ulinidanganya na mimi nilikudanganya, lakini mimi nimeungama wa kwanza, andika hiyo.

Sasa kwaheri, Tonton wangu. Lala muzuri, usitie wasiwasi juu ya atelie, ufunguo wa kumi na tano nilikuwa nimeupoteza mimi na si Jospin, samahani. Na ahadi yangu ni hii: saison sèche, wakati wa kiangazi, ikifika nitafunga mlango siku chache, nitaenda kwenu. Nitapanda mashua ya kisiwa, nitasalimia kaburi ya mama yako kwa jina yako, nitaingia mu nyumba ya Shangazi na kukaa ku meza. Nitatafuna polepole. Na kama sambaza ya Idjwi haishindi ya Lubunga, Tonton, nitasimama niseme mbele ya kisiwa muzima, na utajua huko uliko kwamba ni mimi, juu watu watakuwa wananifukuza.

Fiston,
atelie Safari na Fiston, Mangobo