Pampu Haijafika

Tabora, Ijumaa, Novemba 1955

Na leo tena treni ya Dar es Salaam imekuja bila pampu ya trekta tuliyoagiza. Nimerudi karakana mikono mitupu, nikamkuta Mzee Masanja wa Bukene amesimama kando ya trekta lake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sikia, fundi. Mvua ikinyesha kabla ya hiyo pampu, namwita Petro."

Petro! Huyo niliyemfundisha mimi kushika spana! Tangu atukimbie na kuajiriwa kwenye karakana nyingine, kule Mtendeni, fundi nimebaki peke yangu, na mji mzima unaimba jina lake. Wanasema yeye hangojei spea. Anafungua trekta bovu lililotupwa, anatoa kifaa, anakifunga kwenye la mteja, kazi imekwisha. Bwana mwenye karakana yetu angeniruhusu, hata mimi ningeweza. Na ile ovaroli yake mpya...

Nina wivu, basi. Kanisani siwezi kusema, hapa daftarini nasema.

Jioni mawingu yalitanda upande wa Kipalapala, meusi, yamejaa. Nikajikuta naomba njiani: Mungu, yazuie kidogo tu. Pampu ifike, trekta la mzee nilitengeneze mimi, Petro asiitwe.

Nyumbani nilimkuta mama uani ananawa vumbi. Leo amemaliza kupanda mtama wake wote kwenye udongo mkavu, mbegu ya mwisho tuliyokuwa nayo. Akayatazama mawingu, akacheka kwa furaha.

"Na wewe mwanangu, uiombee mvua."

Nikamjibu kwamba nimekwisha kuomba.