Nilimpoteza Darajani

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako na hilo turubai lako. Shirika letu limeanza kuwajengea nyumba manusura wa mauaji ya kimbari, na fomu yako imefika mezani kwangu. Kuna tatizo moja. Watoto wanne umewaandika marehemu, lakini kitinda mimba umeandika "nilimpoteza darajani". Una maana gani? Hapa ofisini mwenye mtoto anayetafutwa anasubiri. Aliyefiwa na wote anajengewa kwanza, kabla ya mvua.

Mpwa wako

16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Turubai linavuja, kifua kinabana, ila ulimi haujambo. Maana yangu ni hiyohiyo niliyoandika. Wale wanne niliwazika kwa mikono yangu. Huyu aliniteleza mkononi watu walipokuwa wanasukumana darajani. Aliyepotea anatafutwa. Picha yake iko kwenye ubao wenu, sikio limekatika ncha. Iacheni hapohapo. Nyumba itasubiri, mimi kulowa nimeshazoea. Na wewe uolewe, uache kunihesabia watoto.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Kikohozi je? Piga vigelegele, umepata! Namba kumi na saba, vyumba viwili, mabati mapya. Usiulize nimefanyaje. Mafundi wanakuja Jumatatu, tafadhali usiwagombeze.

Mpwa wako

2 Mei

Mwanangu kipenzi,

Mimi buheri wa afya, kikohozi kimehama na turubai. Mvua imenyesha wiki nzima na sijalowa hata ukucha. Nimelia, nimecheka, majirani wanasema nimerukwa na akili. Chumba cha pili ni cha kitinda, nimeshamtandikia. Mlango wake nilimwambia fundi aupandishe kidogo, maana sasa atakuwa mrefu kama babu yako. Ubaoni kuna habari gani?

Shangazi yako

19 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Hujanijibu. Umeolewa kimyakimya nini? Nakuuliza tena habari za ubaoni.

Shangazi yako

11 Septemba

Shangazi,

Shikamoo. Sijui nianzie wapi. Kwenye fomu yako nilikata maneno yako nikaandika "marehemu". Nilikuonea huruma. Miaka tisa bila habari, nikaona kupotea na kufa ni yaleyale. Mtoto akiandikwa marehemu, picha yake inabanduliwa ubaoni.

Mwezi Mei alikuja kijana mrefu, sikio limekatika ncha. Aliitafuta picha yake ubaoni, hakuiona. Mwenzangu wa mapokezi akafungua faili, akamwambia hakuna anayemtafuta. Kijana akauliza, "Hata mama?" Akaonyeshwa sahihi yako chini ya fomu. Akasema, "Kumbe kweli aliniachia mkono makusudi." Akaondoka bila kuacha anwani. Nilipoambiwa nilizunguka vituo vyote, sijampata. Nisamehe, shangazi yangu.

Mpwa wako

30 Septemba

Kwa ofisi,

Mimi mzima. Nyumba haivuji.

Fomu mpya imefika, nimeijaza kwa wino na kwa herufi kubwa, asije mtu akashindwa kuisoma. Watoto marehemu, wanne. Anayetafutwa, mmoja. Rudisheni picha yake.

Panapouliza ndugu wengine nimekuandika wewe, mtoto wa kaka yangu. Safari hii huna haja ya kuniuliza nina maana gani. Nimeandika marehemu. Picha yako ilikuwa ukutani kwangu, juu ya kitanda cha mwanangu, na nimeshaibandua.

Mwenye nyumba namba kumi na saba