Nilimwondolea Mama Ngazi

Bi Salima,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kigoda karibu na kitanda cha mama, yeye amelala na mimi namtazama, na kabla hujafika mbali naomba usinihukumu haraka, maana hukumu yangu mwenyewe ninayo tayari na inanitosha. Jina langu la kweli na la kaka yangu nimeyaandika kwenye karatasi ya pili pamoja na nyumba yetu ilipo, ila gazetini tuite utakavyo.

Mama yangu ana miaka sabini na kitu, hesabu yake kamili haijui yeye wala sisi. Huu ni mwaka wa nne tangu aanze kusahau. Ilianza na chumvi, akawa anatia mara mbili mpaka mchuzi hauliki, tukacheka, halafu akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyefariki mimi sijazaliwa, kisha akawa anaamka saa nne asubuhi anatandika msala anasali alfajiri. Lakini si mkorofi. Mgeni akija anamkaribisha, akinyamaza kidogo anamkaribisha tena, na watu wa hapa Ruaruke wamemzoea, wanaitikia mara zote tatu na kumuuliza za asubuhi upya. Tulikuwa tunaishi naye vizuri tu.

Mwaka huu kaka yangu Badru, ambaye ndiye mkubwa na ndiye tunayekaa kwake, alisema mama asipelekwe tena bondeni kwenye mashamba ya mpunga, abaki nyumbani na wifi yangu Hajira. Nikakubali mbele yake. Sasa mwezi uliopita, siku ya Jumatatu, Hajira akawa amekwenda Bungu kwenye arobaini ya shangazi yake, kaka yuko kwenye shughuli zake, nimebaki mimi na mama, na mpunga wangu ndiyo kwanza umetia maziwa, na wewe kama umelima utajua kwamba mpunga ukifika hapo ndege hawakupi hata asubuhi moja ya kupumzika. Nikamshika mama mkono tukaenda. Sikumwambia mtu.

Dungu letu, kile kibanda cha juu ya miti tunachokaa kuamia ndege, lina kimo cha mtu na kidogo zaidi. Nikampandisha taratibu, akapanda vizuri kuliko mimi. Bi Salima, nilifurahi siku ile hata siwezi kueleza. Mama ambaye hajui kama amekula au hajala, alipoishika tu ile kamba yenye makopo akaivuta na kupiga ukelele uleule niliousikia utotoni, ndege wakaruka wote, akaniangalia akaniambia, "Usilale we, hawa hawana haya." Akaniita na jina langu. Nililia.

Wakatua kwenye kona ya mbali ambako kamba haifiki, ikabidi nishuke nikawafukuze. Nikamwambia mama kaa papo hapo, narudi sasa hivi. Akasema, "Nende wapi mie?" Lakini nilimjua, huwa anaondoka, siku moja tulimkuta njia ya kwenda mtoni. Na sisi huku, mtu akiwa juu ya dungu ngazi haiachwi imesimama, huvutwa juu kwa ajili ya nguruwe na wanyama wengine, na aliyenifundisha hivyo ni yeye mwenyewe mama. Basi mimi nikaona nitumie akili, nikashuka, nikaiondoa ngazi, nikailaza kwenye mpunga ili asishuke.

Nilipogeuka njiani nikamwona amesimama mlangoni, ameyapa mashamba mgongo kama mtu anayeshuka ngazi inavyotakiwa, amejishika kwenye mti kwa mikono miwili, na mguu mmoja unaitafuta hewani ile ngazi pale inapoegemezwa siku zote. Nikapiga kelele. Kelele ndiyo labda iliyomwachisha ule mti, sijui. Alidondokea kwenye tope lakini kichwa kiligonga nguzo, niliusikia mlio.

Nilipomfikia alikuwa ameshakaa kitako, anacheka. Akaniambia, "Ngazi wameiba." Nyuma ya sikio palivimba, damu haikutoka. Nikamwosha, nikambadilisha khanga, tukarudi nyumbani kabla ya alasiri. Jioni kaka aliporudi mama akamwambia vilevile, "Badru, ngazi wameiba." Kaka akamuuliza huku anacheka, "Nani tena kaiba, mama?" Na mimi nilikuwa papo hapo napakua wali. Nikaendelea kupakua.

Wiki ya kwanza alikuwa kama kawaida yake. Ya pili akaanza kushika kichwa na kulala sana mchana. Hii ya tatu mguu wa kushoto anauburuta, juzi katapika mara mbili bila kula kitu cha maana, na tangu jana mpaka umtikise ndipo afumbue macho, na akifumbua hakaribishi mtu. Ndugu wote wanasema uzee umekomaa. Kaka anasema ni mambo ya ukoo, bibi yetu naye aliondoka hivihivi, na ameagiza fundi wa pepo kutoka Mloka aje ampunge, atafika Jumamosi. Kaka si mtu mbaya, anampenda mama, anamlisha uji kwa mkono wake.

Tulimpeleka zahanati, mimi na Hajira. Mganga wetu Bwana Sadallah ni mtu makini, alimpima, akanitazama mimi akauliza, "Mgonjwa alianguka popote siku za karibuni?" Hajira alikuwa amesimama ubavuni kwangu. Nikasema hapana. Akatupa dawa za malaria na akasema akizidi mkimbizeni hospitali msingoje. Amezidi, na mimi nimekaa.

Nikisema, kaka atajua nilimwasi na nikamwangusha mama yake, na nyumba hii ndiyo pekee niliyo nayo tangu niachike. Nikinyamaza, fundi atakuja Jumamosi na mimi peke yangu ndiye ninayejua kwamba ngoma hiyo inapigwa bure. Naomba unishauri nifanye nini, na uniambie kama mama akifa mimi nitakuwa nimemuua. Barua hii nampa dereva wa gari la wanunuzi wa kamba wa baharini linalopita hapa kila Jumatatu kwenda Dar es Salaam, anasema ofisi yenu anaijua.

Wako mwenye mzigo,
Ruaruke, Rufiji

BI SALIMA ANAJIBU

Wasomaji wangu, majina ya watu kwenye barua hii nimeyabadilisha. Ninyi mnaisoma Jumamosi. Mwenyewe jibu lake amelipata tangu Jumanne, na mtaona kwa nini sikungoja gazeti litoke.

Mwanangu, nikuite Mwanabibi, nianze na lililoniuma kuliko yote. Gari lililoleta barua yako lilipita mbele ya hospitali mbili kabla ya kunifikia mimi. Ukasimama barabarani, ukalisimamisha, ukapakia karatasi, ukamwacha mama kitandani. Karatasi ikafika salama kabisa. Isome sentensi hiyo mara mbili kisha tuendelee.

Mimi si daktari. Barua yako nilipewa Jumatatu jioni, na jioni ileile nikaenda nayo kwa daktari ninayemwamini, nikamsomea bila kutaja jina la mtu. Hakunisubiri nimalize. Alisema mtu mzima akigonga kichwa, damu inaweza kuvuja ndani polepole, siku hata wiki kadhaa, na dalili zake ni hizohizo: kichwa, usingizi, kutapika, mguu kulegea upande mmoja. Alisema inaweza kuwa hivyo na inaweza kuwa jambo jingine, hawezi kujua bila kumwona, lakini kwa vyovyote vile mgonjwa anayetikiswa ndipo aamke ni wa kukimbizwa leo. Na alisema jambo ambalo nataka ulishike: ikiwa ni damu, mara nyingi inaweza kutolewa. Kusahau kwake hakutaondoka, huko kulikuwapo na kutakuwapo. Lakini anaweza kurudi kuwa yule mama wa kukaribisha wageni mara tatu. Ninyi mmeyachanganya mawili. Kusahau kumemchukua miaka minne. Hili limemchukua wiki tatu. Uzee hauna haraka hiyo.

Sasa dhambi zako. Kumpeleka bondeni sikulaumu sana, mtu mwenye mpunga wa maziwa na mgonjwa mmoja na mikono miwili hana jibu zuri. Kuondoa ngazi ulifikiri unamlinda, na wengi wanaonisoma wamewafungia wazee wao mlango kwa nia hiyohiyo. Ulisahau kwamba mwili wake unakumbuka ambayo kichwa kimesahau. Hukujua, na sasa wenzako nao watajua. Hilo ni kosa, si uuaji.

Lakini mama yako alisema ukweli mbele ya mwanawe. Alisema kwa maneno yake, ngazi haikuwapo, na katika nyumba nzima ulikuwa mtu mmoja tu uliyejua kwamba siku ile mama hakuwa anaropoka. Ukapakua wali. Kisha mganga mzima akakuuliza swali lenyewe, lile hasa, ukamjibu hapana kwa sababu wifi amesimama karibu. Hapo ndipo ninapokukasirikia, mwanangu, na sitajifanya sikukasirika. Mama hana tena ulimi wa kuaminiwa. Alikuwa anautegemea wako.

Unaniuliza kama utakuwa umemuua. Naona unataka nikusamehe kwanza ndipo upate nguvu ya kusimama. Mambo ya msamaha yako kwa Mola wako na kwa mama mwenyewe, na yote mawili yatakungoja. Mguu wa kushoto hautangoja.

Kwa kaka yako utasema hivi, bila dibaji na bila kulia kwanza: "Kaka, nilimpeleka mama bondeni, nikaondoa ngazi, akaanguka, akagonga kichwa, ni wiki tatu sasa." Basi. Akifoka, mwache afoke huku mnamtoa mama. Mtu anayemlisha mama yake uji kwa mkono wake hatakufukuza kabla hajampeleka hospitali, na baada ya hospitali atakuwa amechoka mno kukufukuza. Kuhusu fundi wa Mloka usimtukane wala usibishane. Sema tu kwamba mgonjwa hayupo, akirudi mtamwarifu. Hakuna fundi mwenye busara atakayempigia ngoma mtu aliyeumia kichwa.

Mlazeni ubavu, si chali, kwa sababu ya matapishi. Msimpe uji wala chai akiwa na usingizi huo, utampalia. Msimpe vidonge vya kichwa, hasa aspirini. Wewe ndiye utakayekwenda naye, si Hajira, maana wewe ndiye shahidi. Ukimkuta daktari usianze na habari ya kusahau, ukianza na hiyo atakuandikia uzee na atakuwa na haki. Anza na nguzo. Taja siku, taja kimo cha dungu, onyesha kwa kidole nyuma ya sikio alipovimba. Kusahau kuje mwisho. Wakisema aende Muhimbili, aende, msirudi nyumbani kushauriana na ukoo. Na njiani zungumza naye, mwambie mnakokwenda hata kama hafumbui macho.

Hayo ni yale unayotakiwa kuyafanya. Sasa nikueleze niliyoyafanya mimi.

Safu hii nimeiandika miaka tisa, na siri ya mtu haijawahi kutoka mezani kwangu mpaka leo. Dereva aliyeniletea barua yako, nitamwita Saidy, nilimwambia asiondoke mjini bila kuonana nami. Nimezungumza na tajiri yake kwa simu. Ni mtu mwenye mama, tulielewana haraka. Saidy anaondoka leo Jumanne bila barafu, nyuma kuna godoro na turubai, atafika kwenu mchana na atageuza hapo hapo. Kamba watasubiri siku moja.

Ana bahasha mbili. Moja ni yako, ndiyo hii unayoisoma. Ya pili imeandikwa jina la kaka yako, la kweli, lile la kwenye karatasi yako ya pili, na ndani yake kuna mistari minne. Sikupendezwa kuiandika. Nimemwagiza Saidy akukabidhi yako kwanza, pembeni, kisha aombe chai, maana kwenu mgeni hanyimwi chai. Muda huo ni wako wote. Ukishasema mwenyewe, atanirudishia ile ya pili ikiwa imefungwa na nitaichoma. Akimaliza kikombe na hujasema, anasimama na kumpa Badru.

Utanichukia. Nichukie ukiwa kwenye benchi la hospitali, umemshika mama mkono.

Saidy hanywi chai polepole, mwanangu. Nenda kamwambie kaka yako.