Maelezo ya Mramba Kahonzi Kuhusu Tundu la Tangi, Marereni

KITUO CHA POLISI, MALINDI
Tarehe 12 Machi 1986
Shahidi: Mramba Kahonzi, miaka 43, fundi wa vyuma mwenye karakana yake. Mkazi wa Kisumu Ndogo.

Shule niliishia darasa la nne, lakini vipimo vyangu ni sahihi. Naomba viandikwe kama ninavyovitaja.

Jana Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi, nilikuwa kwenye kiwanda cha chumvi Marereni nikiunga geti. Shemeji yangu Kiponda, mume wa dada yangu Nyevu, alikuwa ndani ya tangi la dizeli akilisafisha. Kifuniko kikaanguka, komeo likajifunga. Tulilipiga kwa mtaimbo, kishikio kikakatika. Kiponda akawa anagonga kutoka ndani.

Chuma cha tangi ni nusu inchi. Mpira wa kompresa wa kumpelekea hewa ni inchi moja. Bwana Mbaruk, mweka stoo, alinisogezea mtungi wa gesi wa kukatia. Nikamwambia ndani mna mvuke wa dizeli, tutamchoma mtu. Nilitaka keekee ya umeme na ule msumeno wa mviringo kama kikombe. Huo hutoa tundu safi, mpira ukapita bila kuchanika. Kazi ya dakika nne, ukimwagia maji.

Mbaruk akasema, "Fundi, wewe si mwajiriwa. Leta fomu yenye sahihi ya meneja." Meneja alikuwa Malindi. Nikamwambia mtu anakufa. Akasema, "Na mimi nina watoto. Gesi si hiyo umepewa?"

Ilikuwa saa nne na dakika kumi na nane. Nikashika keekee yangu ya mkono. Inatoboa tundu la upana wa robo inchi kwa dakika saba. Kuzungusha duara la kupitisha mpira ni matundu kumi na mawili, dakika themanini na nne. Hesabu hiyo niliijua, nikaanza hivyo hivyo.

Tundu la tatu lilipotokea nikaweka mdomo, nikamwita. Akasema, "Mulamu, harakisha," yaani shemeji kwa lugha ya kwetu. Hakusema tena.

Saa tano kasoro dakika kumi Mbaruk alifungua stoo bila fomu, analia. Kwa msumeno ule nilimaliza kwa dakika tatu na nusu. Kingo hazikuhitaji hata tupa, tukapitisha mpira wa hewa. Tulipokivunja kifuniko Kiponda alikuwa anapumua, hajitambui. Yuko hospitali.

Wanasema nimechelewesha kwa kukataa gesi. Nilikataa, na leo ningekataa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyafanya kwa mikono yangu.

(Sahihi) M. Kahonzi

Nimemsomea shahidi, amekubali. Kabla hajatia sahihi, hospitali ilipiga simu kwamba Kiponda amefariki. Nilimuuliza kama ana la kubadilisha. Alisema iongezwe kuwa tangu aombe msumeno hadi stoo kufunguliwa ni dakika thelathini na mbili.
Koplo Gitau