Gari Limeombewa, Breki Haishiki, na Mdogo Wangu Anaolewa Jumamosi

Shangazi Benedicta, miye ni mama ninayekusikiliza redioni kila Jumatano hapa salon, tunazima hadi dryer ili tukusikie vizuri, na sikuwaza kama siku moja nitakuwa miye ninayeandika, lakini naomba msaada wako, tena unijibu mbio, kwa sababu Jumamosi mdogo wangu Larissa anaolewa na gari litakalombeba halina breki.

Larissa si mdogo wangu wa kuzaliwa naye tu. Mama yetu alikufa Uvira wakati Larissa bado ananyonya, nikamlea, nikavuka naye mipaka yote, nikafika naye hapa Albert Park, Durban, akiwa ananishika gauni, na mpaka leo ananiita Yaya lakini ananitii kama vile miye ndiye niliyemzaa, nikimwambia kaa anakaa, nikimwambia panda anapanda.

Bwana yangu, Anatole, anaendesha forklift kwenye depo moja ya Mobeni, ni mtu mzuri, sitaki umchukie kabla hujamaliza barua. Mwaka huu alinunua gari la zamani kwa mzee mmoja wa Umbilo, gari la michezo la Kimarekani, la miaka ya sitini, nyekundu, milango miwili, pua ndefu, unasikia muungurumo wake mbele hujaliona, na usukani iko kushoto kama kwetu Congo. Wenzake walimwambia nunua Toyota kama watu wengine, yeye akasema Toyota inabeba mizigo, hii inabeba jina. Mzee yule alimuuzia voetstoots, ni neno la hapa, maana yake umenunua kitu hivyo ulivyokiona, ukishatoka kwenye geti la mwenyewe shida zake zote ni zako, na Anatole akasaini anacheka.

Shangazi, nisikudanganye, hata miye lilinipendeza. Sisi tumezoea kuitwa majina mabaya hapa, tumezoea kuulizwa mtarudi kwenu lini, lakini tukisimama kwenye robot, zile taa za barabarani, ndani ya gari hilo, madereva wa taxi, hao hao wanaotutukana, wanatoa kichwa dirishani wanasema sharp, baba, na nilimwona bwana yangu anakaa wima kama vile alivyokuwa anakaa baba yake, aliyeendesha wakubwa kule Bukavu. Nilifurahi naye, ya kweli. Watoto wa flati wakalipa gari jina la Amerika.

Sasa shida ilianzia kanisani. Unajua makanisa yetu, mtu akipata baraka lazima ashuhudie, basi Pasta akamwita Anatole mbele, akasimulia vile alivyoingia nchi hii na mfuko wa plastiki mkononi na leo anaendesha Amerika, watu wakalia, kanisa lote likatoka nje na nyimbo, Pasta akamwaga mafuta ya upako juu ya boneti, akaweka mikono, akasema, “Gari hili halitajua ajali, na atakayelitilia shaka anamtilia shaka Yeye aliyelitoa.” Tukaitika amina, na miye nikaitika kupita wote. Hapo hapo Mama Pasta akasema bibi harusi wa kwanza kubebwa humo awe Larissa, kutoka kanisani Glenwood hadi ukumbini, awe alama kwa vijana, na Larissa akaruka ruka pale nje kama mtoto.

Halafu siku moja mchana tukaenda wawili kuona ukumbi, uko chini huku Umbilo Road, tukawa tunashuka mlima ule wa Glenwood, na wewe unaujua ulivyo, Anatole akakanyaga breki, mguu ukaenda mpaka chini, hakuna kitu, akakanyaga tena na tena, akavuta breki ya mkono iliyo chini ya dashibodi, gari linaenda tu, mbele robot ni nyekundu na basi linakatiza, nikafunga macho nikamwita mama yangu aliyekufa, tukapita nyuma ya basi kwa nafasi ndogo sana, tukapanda ukingo wa barabara, tukagonga mapipa ya takataka, ndipo likasimama. Hakuna aliyeumia. Anatole akazima gari, na neno la kwanza lililomtoka, Shangazi, halikuwa pole. Alisema, “Mama Jeancy, hii usimwambie mtu wa kanisa.”

Alilipeleka kwa fundi wetu Peguy, naye akamweleza kwamba magari ya wakati ule breki za magurudumu yote zinategemea pampu moja, ikivuja zote zinakufa pamoja, na pampu mpya inatoka Amerika, itafika nyuma ya harusi, kwa hiyo liacheni hapa. Anatole akakataa. Gereji ya Peguy iko njiani kwa watu wa kanisa, kila mtu angeliona limelazwa pale wakati mafuta ya Pasta hayajakauka, wangesema upako umeshindwa, au wangesema Anatole ana dhambi iliyofichwa ndani ya nyumba. Akalirudisha. Kila asubuhi anaongeza mafuta ya breki mwenyewe chini ya flati, siku nyingine breki inashika vizuri kabisa, siku nyingine inalegea, na anasema Jumamosi atashuka polepole na gia ya kwanza, Mungu atafanya iliyobaki.

Miye sijapanda tena. Watoto nawapeleka shule kwa taxi, nimewaambia viti vya Amerika vina joto sana. Nilikwenda kwa Mama Pasta nikazungukazunguka, nikasema naogopa kidogo ile njia ya kushuka, akaniangalia, akasema shetani anapenda kuazima mdomo wa mke, basi nikaaga nikarudi nyumbani. Na Larissa kila akitoka kazini kwenye duka la simu anapita kunionyesha riboni atakazofunga kwenye Amerika, leo nyeupe, kesho za dhahabu, ananiuliza zipi zinapendeza, na miye ninachagua.

Nikisema, nitamvua nguo bwana yangu mbele ya kanisa zima, Pasta ataonekana mwongo, na ndugu za Urbain, huyo kijana anayemwoa, watasema tumeingia kwa watu gani, pengine waahirishe, na Larissa atalia kwa sababu yangu. Nikinyamaza, siwezi kuandika kitakachofuata. Nimewaza kufunga na kuomba mpaka Ijumaa, nimewaza kutoboa gurudumu asubuhi ya harusi, nimewaza kujilaza nijifanye mgonjwa ili sherehe isimame. Eish, Shangazi, nimechoka. Nifanye nini? Na ukiisoma redioni, tafadhali badilisha majina yetu.

Miye Yvette, Albert Park

JIBU LA SHANGAZI BENEDICTA

Yvette mwanangu, pole. Kushuka mlima ule bila breki, ubavuni kwa mume unayempenda, halafu badala ya kufarijiwa unaambiwa ufunge mdomo, hilo si jambo dogo. Barua yako nimeisoma nimesimama jikoni, chai ikapoa. Pole nimeshakupa. Sasa nisikilize, maana nitakusema.

Unaniuliza uchague nini kati ya kusema na kunyamaza, kana kwamba hujachagua. Umeshachagua, na umechagua kwa watoto wako. Siku ile ile uliwatoa ndani ya gari hilo, ukawapandisha taxi na uongo mdogo wa viti vya joto, wala hukumwandikia mtu barua kuomba ruhusa. Hukumwogopa Pasta wala wakwe. Kwa watoto uliowazaa hukuhitaji ushauri. Kwa mtoto uliyeachiwa na mama yako ndiyo unahitaji? Hapo umenikera, Yvette, na siwezi kukuficha.

Barua yako imejaa watu. Unahesabu aibu ya Anatole, aibu ya Pasta, maneno ya Mama Pasta, midomo ya wakwe. Mtu mmoja tu hukunieleza angesema nini kama angeulizwa, naye ndiye atakayekaa kwenye kiti hicho na shela yake. Unamchagulia rangi ya riboni, breki humwambii. Larissa ni mwanamke anayeolewa. Mwache ajichagulie kufa au kupona, japo najua atachagua nini.

Kuhusu upako usije ukanisingizia kwamba nimeudharau, mimi mwenyewe Jumapili hunikosi kanisani. Lakini tukimwombea mgonjwa hatumnyang'anyi dawa. Pasta aliliombea gari. Hakusema lisitengenezwe, hilo mmeliongeza wenyewe kwa kuogopa macho ya watu. Tena mlishaonywa. Mlishuka bila breki, basi likapita, mapipa ya takataka yakawapokea mkiwa wazima. Mlitaka malaika wa namna gani tena, aje na tarumbeta?

Anatole simchukii. Mtu aliyetukanwa miaka yote akipata kitu kinachofanya watu wamtazame kwa heshima, atakishika kwa mikono miwili, na namwelewa. Na hakudanganya aliposhuhudia. Anadanganya sasa, kila asubuhi anapoinama na kopo la mafuta ya breki chini ya flati. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeficha ni yeye, lakini atakayezikwa ni mtu mwingine. Na hiyo gia ya kwanza asinitanie. Mmeshauona mlima ule.

Haya, fanya hivi. Anatole akirudi kutoka Mobeni, mpe chakula ale ashibe, watoto watoke, kisha umwambie bila kuzunguka kama ulivyozunguka kwa Mama Pasta: “Baba Jeancy, Larissa hapandi gari hilo. Ninakwenda kumwambia sasa hivi, na ninataka twende wote wawili.” Usipige kelele, usilie, usimtaje shetani wa mtu. Akikubali kuongozana nawe, atakuwa amejisemea mwenyewe, na mwanaume aliyejisemea mwenyewe hajavuliwa nguo na mtu. Akikataa, vaa viatu uende peke yako. Na kama atasema ataendesha hata kama bibi harusi hayumo, chukua funguo umpelekee Peguy.

Kwa Pasta aende Anatole, si wewe. Aende na ushuhuda wa pili, ambao kwangu ni mkubwa kuliko ule wa kwanza: tulikuwa mlimani, breki ikafa, tukatoka hai, na sasa tunalitengeneza. Pasta mwenye akili atasema amina. Asiye na akili, basi nyinyi mtakuwa mmemjua mapema, kabla hajamfungisha ndoa ndugu yenu mwingine.

Amerika isikose harusi. Itisheni breakdown asubuhi, libebwe hadi mbele ya ukumbi, lishushwe, lifungwe riboni zote, za dhahabu na nyeupe, watu wapige picha mpaka wachoke. Larissa akae juu ya boneti akitaka. Uzuri wa gari lile uko machoni, na macho hayadai liende popote. Kutoka kanisani Glenwood ashuke ndani ya Toyota ya mtu yeyote, ile ile mliyosema inabeba mizigo. Wakwe wakiuliza, waambieni ukweli kwa sentensi moja: breki ni mbovu na tunampenda bibi harusi. Wakiahirisha harusi kwa sababu hiyo, mshukuruni Mungu.

Na gurudumu usilitoboe. Atalibadilisha dakika hiyo hiyo, nawe utabaki na siri mbili badala ya moja. Kufunga, funga ukipenda, ila anza kufunga ukiwa umeshasema.

Sasa tuje kwenye majina. Umeniomba niyabadilishe na nimeyabadilisha yote, hata hili ninalokuitia. Lakini gari jekundu la Kimarekani lenye usukani kushoto, hapa Durban, siwezi kulibadilisha likawa baiskeli. Kila mwenye masikio kuanzia Albert Park hadi Umbilo atajua ni la nani kabla sijamaliza aya ya tatu. Nadhani hilo ulilijua ulipokaa kuandika. Mtu anayetaka siri yake ikae haiandikii redio, na mimi nimekuelewa: ulitaka mtu akusemee.

Sitakusemea, Yvette. Hili ni lako. Jibu hili nakutumia kwenye simu yako leo Jumanne, na kesho jioni nalisoma hewani, barua nzima na jibu zima, bila kupunguza neno. Kwenye maduka ya simu hapa mjini, kama hilo anakofanya kazi mdogo wako, redio haizimwi. Acha kusoma hapa, mpigie. Asije akasikia kwangu kwamba Yaya wake alijua.