Mayai ya Guangzhou, Kidole cha Mwera

Guangzhou, 14 Septemba 2024

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Mie mzima, ila usingizi umenikimbia kwa furaha. Hicho kidole cha mguu je? Wifi Sabra kaniambia kidonda kina miezi miwili, na daktari wa sukari kashataja kukata. Nililia, sikufichi.

Sasa sikiliza. Kazi yangu hapa chuoni ni kupima dawa za miti shamba za Wachina, tujue ipi inaotesha mishipa ya damu. Tunachukua mayai yenye vifaranga vichanga, tunakata kidirisha kwenye ganda, tunadondosha dawa, kisha tunahesabu mishipa. Jana mzizi mmoja umeotesha mishipa mara mbili ya mayai niliyotia maji matupu! Kidonda chako kinakosa damu, Mama. Mishipa ikiota, nyama itafunga. Profesa wangu mwenyewe kafurahi. Mwezi ujao nakutumia unga wake, na kidole hakikatwi.

Binti yako,
Asmahani

Mwera, 17 Septemba 2024

Marahaba, mwanangu. Sie huku hatujambo, na mtetea wangu mwekundu kaatamia mayai kumi na mawili. Naandika kwa mkono, Sabra ataipiga picha akutumie, maana mambo ya kubonyezabonyeza simu siyawezi.

Unga huo nautaka, tena leo si kesho. Kidole nimezaliwa nacho, nataka nizikwe nacho. Lakini barua yako nimeisoma mara tatu na kuna jambo linanikera. Mie nikimwatamisha kuku, kila yai nalitia alama ya mkaa, maana wenzake huja wakamtagia humo humo. Yai lililochelewa ukilimulika tochi, mishipa yake haba. Siku moja tu ni tofauti kubwa. Je, hayo yako yalianza kuatamiwa siku moja? Ulitia alama?

Usinione mjuaji. Ni swali tu la mfuga kuku.

Mamako,
Saleha

Guangzhou, 11 Oktoba 2024

Mama, shikamoo. Natumai sukari imeshuka na unalala vizuri. Wiki tatu umeniona kimya. Niliona haya.

Trei moja ililetwa Jumatatu, nyingine Jumatano, nami nikazitia kwenye mashine ya kutotolea kama zilivyokuja. Mzizi niliutia kwenye trei ya Jumatatu, maji kwenye ya Jumatano. Yaani nilikuwa nashangilia umri wa mayai! Nilimfuata profesa nikamweleza. Akauliza nani kaligundua kosa hilo. Nikamwambia ni mamangu, anafuga kuku Mwera. Akacheka mpaka akavua miwani. Kasema ripoti ikitoka, jina lako litakuwa kwenye shukrani.

Nimerudia yote, kila yai na alama yake. Mzizi unasaidia, ila kidogo, na kwenye yai. Kwenye mguu wa mtu hakuna ajuaye bado. Kwa hiyo unga situmi, Mama. Unisamehe. Nakuomba uende hospitali Pangani kila wanapokuita, hata ukichoka. Nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha.

Binti yako,
Asmahani

Mwera, Ijumaa, 22 Novemba 2024

Marahaba, mwanangu. Ni mzima, na utajua mzima kiasi gani.

Kwanza nilinuna. Siku mbili sikusema na mtu, hata kuku niliwatupia mtama bila neno. Nikajiambia, haya Saleha, mdomo wako ndio uliokunyang'anya dawa. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Siku ya tatu nikaenda Pangani. Nikaenda tena, na tena. Chai nanywa bila sukari, adhabu tupu. Nesi Devota alinisafisha kidonda siku baada ya siku, na akinikuta peku ananigombeza kana kwamba kanizaa yeye.

Na kwa kuwa sikutaka kushangilia ovyo kama wewe, kila Ijumaa nilikanyaga karatasi, nikauzungushia mguu penseli, kidonda nikakichora mahali pake na tarehe pembeni. Ya kwanza kilikuwa kama kizibo cha soda. Kikaja kama kifungo cha shati. Ijumaa iliyopita, punje ya mtama. Sabra anakutumia zote, usizichanganye kama mayai yako.

Ya leo ndiyo ya mwisho. Nilivaa miwani, nikauweka mguu kwenye mwanga wa mlangoni, nikamwita na Sabra atazame. Penseli ninayo mkononi, tunatafuta pa kuchora, hatupaoni.

Vidole vitano, mwanangu. Vihesabu mwenyewe.

Mamako,
Saleha